Nguvu Iliyo Chini ya Miguu Yetu

Wananchi wa Igogwe, katika wilaya ya Rungwe, hawahitaji kufundishwa na gazeti maana ya maji wala maana ya moto. Mvua huwanyeshea sehemu kubwa ya mwaka, hata mgomba wa huko haujui kiu. Na milima inayowazunguka yote ilizaliwa na moto. Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ni volkano iliyolala. Mlima Ngozi, wenye ziwa ndani ya shimo lake, ni volkano. Mlima Kiejo ulitapika moto wake wa mwisho yapata mwaka 1800, na kwa hesabu ya milima hiyo ni jana tu. Kando ya mto Mbaka maji hutoka ardhini yakiwa ya moto. Hewa ya kaboni itokayo chini ya ardhi hiyo hukusanywa, ikatiwa katika mitungi na kuuzwa kwa wenye viwanda vya vinywaji. Mengi ya hayo yajulikana tangu zama za mababu.

Lakini tazameni ajabu hii. Katika nchi yenye maji juu na moto chini, umeme unaofika kwa waya za gridi ya taifa hutoka mbali sana. Hutoka Kidatu na Mtera, hutoka Kihansi na Rufiji, hutoka katika mitambo ya gesi ya Dar es Salaam. Husafiri mamia ya kilomita ukipita porini na mlimani, hata ukafika kwa mkulima wa chai, kwa mwenye mashine ya kusaga, na katika wodi ya hospitali ambamo mama anajifungua usiku. Nguzo moja ikianguka njiani, wote hao hukaa gizani.

Basi twauliza leo: je, sera za serikali juu ya nishati isiyokwisha na juu ya kutumia umeme kwa akili zamhusu nini mkulima wa Rungwe, mwuguzi wa Igogwe, na fundi wa TANESCO anayepanda nguzo mvuani? Wako wanaodhani kuwa mambo hayo ni ya wakubwa na wataalamu wa Dodoma. Sisi twasema la hasha. Yamhusu mwananchi kama yanavyomhusu unga wake na dawa yake, na tutaeleza kwa nini.

SHIRIKA NI MALI YA UMMA

Umeme uliingia nchini mwetu mwaka 1908, nao haukuja kwa ajili yetu. Wajerumani waliuweka Dar es Salaam kwa ajili ya karakana ya reli na nyumba za watu wao. Waingereza walipotawala waliyaachia makampuni mawili biashara hiyo tangu miaka ya 1930, nayo yalipeleka waya penye faida: mjini, penye mkonge, penye migodi. Mwaka 1964 serikali huru ilianza kununua hisa za makampuni hayo, na ilipofika mwaka 1975 shirika la TANESCO lilikuwa mali ya umma kabisa.

Twakumbusha historia hii kwa sababu moja. Mali ya umma ina tabia mbili. Ya kwanza ni kwamba faida yake ni ya wote. Ya pili, ambayo watu hupenda kuisahau, ni kwamba hasara yake pia ni ya wote. TANESCO ikinunua mafuta ghali, ni sisi tulionunua. Umeme ukipotea njiani, ni wetu uliopotea. Mtu akijiunganishia waya usiku bila mita, amemwibia jirani yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la umeme ni kubwa kuliko daftari lolote la duka.

Miaka mingi wako waliotushauri kuwa dawa ni kuligawa shirika hilo vipande vipande na kuwapa wenye mitaji. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kutenganisha kazi za kuzalisha, za kusafirisha na za kugawa umeme hatua kwa hatua mpaka mwaka 2025. Mwaka huo umefika na TANESCO ingali shirika moja. Jirani zetu wa Uganda walikwenda njia ile nyingine. Mwaka 2005 waliikabidhi kampuni ya Umeme kazi ya kugawa umeme kwa mkataba wa miaka 20. Mkataba ulipokwisha, shirika la serikali lilishika tena kazi hiyo tarehe 1 Aprili 2025, na serikali ikalazimika kuilipa kampuni fidia ya mtaji wake uliosalia. Hatusemi kwamba kampuni hiyo haikufanya lolote. Mgala muue na haki umpe: waya ziliongezeka, na hasara za njiani zilipungua. Lakini somo liko wazi. Mwenye kuazima bega la mwingine hana budi kujua kodi yake kabla ya kuliegemea.

Kwa hiyo swali letu la leo si kama shirika liwe la umma au lisiwe. Swali ni hili: shirika la umma lifanye nini ili umeme upatikane siku zote, kwa bei ambayo mnyonge aiweza, bila kuteketeza misitu na bila kumwachia mjukuu deni?

MTEGEMEA MVUA PEKE YAKE

Taifa letu limejenga mabwawa kwa jasho na kwa mikopo. Hale lilianza mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, Kihansi mwaka 2000. Kidatu hutoa megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80. Maji ni nishati njema: hayanunuliwi kwa fedha za kigeni, wala hayatoi moshi. Lakini maji yana bwana wake, naye ni mvua.

Mwaka 1992 mvua zilipungua, ukaja mgao. Mwaka 2006 ukaja tena, viwanda vikafunga milango mchana kweupe, na kwa haraka ya kutafuta mitambo ya dharura taifa likaingia katika mikataba iliyotuachia aibu na madeni. Mwaka 2011 mgao ulirudi. Oktoba 2015 maji yalipungua mno hata mitambo ya mabwawa ikasimamishwa. Mwaka 2023 wananchi walikaa tena gizani kwa zamu. Wakati wa mgao tajiri huwasha jenereta yake. Maskini huwasha kibatari, kinyozi hufunga banda lake, na samaki wa mama muuzaji huharibika. Mgao ni kodi anayotozwa mnyonge bila Bunge kuipitisha.

Leo twalo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Ujenzi ulipoanza mwaka 2019, bwawa hilo peke yake lilikusudiwa kutoa umeme mwingi kuliko uliohitajika nchi nzima kwa wakati mmoja. Ni kazi ya kujivunia, na twajivunia.

Hapo ndipo wengine wanapouliza: “Ikiwa tunao umeme wa Rufiji, mwataka nini tena?” Twajibu kwa mambo mawili. Kwanza, Rufiji nao ni mto, na mto hunyweshwa na mvua. Mwenye kuweka mayai yote katika kapu moja aombe asijikwae. Pili, Rufiji uko mbali na Rungwe, na umbali una gharama yake. Jambo hili la pili halizungumzwi vya kutosha, basi tulieleze.

HASARA YA NJIANI

Umeme ukipita katika waya, waya hupata joto. Joto hilo ni umeme uliolipiwa ambao haukumfikia mtu. Kadiri waya ulivyo mrefu, mwembamba au mzee, na kadiri mzigo ulivyo mkubwa, ndivyo hasara inavyozidi. Ongezeni hapo transfoma zilizochoka, mita zilizoharibika na wizi. Katika miaka ya 2000 hasara hizo zote kwa jumla zilizidi sehemu moja katika tano ya umeme uliozalishwa. Tangu hapo zimepunguzwa, na mafundi wetu wastahili shukrani, lakini hazijakwisha.

Pengine msomaji atasema haya ni maneno ya vitabuni. Basi na akumbuke jambo la Machi 2025, wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza kwamba serikali yakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wengi walishangaa. Walisema: twajenga bwawa kubwa namna hii, kisha twanunua kwa jirani? Sababu iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo tunayoieleza hapa: kuupeleka umeme wa kusini na mashariki mpaka Kilimanjaro na Arusha hupoteza mwingi njiani. Mtu akikubali au asikubali uamuzi ule, hesabu yake ni ya kweli. Uniti inayozalishwa karibu na mtumiaji ina thamani kuliko uniti inayozalishwa mbali naye.

Sasa igeuzeni hesabu hiyo ielekee kusini-magharibi. Mbeya, Rungwe na Kyela ziko mwishoni mwa waya mrefu. Serikali inajenga njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga, ili kuungana na Zambia. Ni vyema. Lakini njia kubwa ya kupokea umeme ni njia kubwa ya kuutoa pia. Je, Rungwe iwe mlango wa kupokea tu?

WAZALISHAJI WADOGO NA BEI YA HAKI

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini, na kwa sheria hiyo Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Umeme. Mwaka 2009, chini ya usimamizi wa EWURA, ulitolewa mkataba wa mfano pamoja na namna ya kukadiria bei, kwa mtu yeyote awezaye kuzalisha tangu kilowati 100 hadi megawati 10 kwa maji, kwa mabaki ya mimea, kwa jua au kwa upepo. Maana yake ni nini? Kabla ya hapo, mwenye kijito alikwenda kwa TANESCO mikono mitupu kupatana bei. Baada ya hapo bei na masharti viliwekwa wazi, na shirika la umma likawa na wajibu wa kununua.

Matunda yalionekana. Katika nchi ya chai ya Mufindi, mto Mwenga ulianza mwaka 2012 kutoa megawati 4, zikatumika katika viwanda na vijijini, na ziada ikauzwa kwa TANESCO. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa megawati 5 pale Tulila, katika mto Ruvuma, ukaanza kazi mwaka 2015. Wakati ule Songea ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa na ilikuwa ikiishi kwa dizeli. Kila uniti ya Tulila iliokoa mafuta yaliyokuwa yakiletwa kwa magari toka pwani. Ikiwa masista wameweza, nani atakayesema kwamba vyama vya ushirika vya wakulima haviwezi?

Lakini sera hii ina mwiba, na mwiba haufichwi kwa kufunikwa majani. Mwaka 2020 waziri wa nishati aliagiza wenye gridi ndogo za vijijini wauze uniti kwa shilingi 100, sawa na bei ya TANESCO kwa mtumiaji mdogo. Mwananchi alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi: kwa nini mkazi wa kisiwani alipe mara nyingi zaidi ya mkazi wa mjini kwa taa ileile? Lakini aliyejenga mtambo kwa mkopo naye alisema kweli alipouliza: “Tofauti nitailipa kwa nini?” Haki ya mtumiaji na uhai wa mzalishaji zote ni za lazima. Serikali ikitaka bei iwe moja nchi nzima, nasi twataka iwe moja, basi pengo hilo halina budi kujazwa na mfuko wa umma, kwa daftari lililo wazi. Agizo bila fungu la fedha ni kama kumkaribisha mgeni chakula na chungu hakijainjikwa. Na shirika linaponunua umeme wa wadogo, liulipe kwa wakati. Anayecheleweshewa malipo hufunga mtambo, na mtambo uliofungwa hauna faida kwa mkubwa wala kwa mdogo.

MOTO WA RUNGWE

Sasa twaja kwenye jambo lililo chini ya miguu ya watu wa Igogwe. Ardhini mwa Bonde la Ufa, mwamba wa moto uko karibu na uso wa nchi kuliko mahali pengine. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, hushuka, hukutana na mwamba huo na kuwa ya moto mno. Ukichimba kisima kirefu mpaka hapo, mvuke hupanda kwa nguvu, ukazungusha mtambo na kutoa umeme. Maji yakiisha kupoa hurudishwa ardhini yapashwe tena. Hiyo ndiyo jotoardhi. Haingoji mvua ya mwaka huu, haingoji jua lichomoze wala upepo uvume. Hufanya kazi usiku na mchana.

Si jambo la ndoto. Jirani zetu wa Kenya walianza Olkaria, karibu na Naivasha, kwa mtambo wa megawati 15 mwaka 1981. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na karibu nusu ya umeme wake watoka huko. Ukame ukija, mabwawa yao hupungua kama yetu, lakini Olkaria haipungui.

Na sisi? Wataalamu wa Kiswidi walizunguka kupima chemchemi zetu za moto kati ya mwaka 1976 na 1979. Wajerumani walifuata tangu mwaka 2006, wakachunguza Ngozi na jirani zake. Mwaka 2013 serikali iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, iliyo chini ya TANESCO. Upimaji wa Ngozi umeonyesha kwamba joto la chini lakadiriwa kufika nyuzi 230 hivi, joto litoshalo kwa mtambo wa mvuke. Mwaka 2021 vilichimbwa visima vyembamba vya uchunguzi Kiejo-Mbaka, na Ngozi nayo imewekwa katika mpango wa visima vya uhakiki. Makadirio yanayotajwa ni megawati 70 kwa Ngozi na 60 kwa Kiejo-Mbaka. Hizo si nyingi mbele ya Rufiji, lakini ziko mwishoni mwa waya, mahali zinapohitajiwa, nazo ni za usiku na mchana.

Hesabuni miaka. Tangu uchunguzi wa kwanza mpaka leo ni karibu nusu karne. Mtoto aliyezaliwa Igogwe siku Waswidi walipopita sasa ana wajukuu, na mvuke bado haujawasha taa hata moja. Kwa nini? Sababu kubwa ni kwamba kuchimba ni ghali, na kisima kimoja kirefu hula fedha nyingi hata kama hakitatoa kitu. Mwenye mtaji binafsi hukimbia hatari hiyo. Husubiri mwingine achimbe, kisha aje na mkataba. Ndiyo maana twasema kazi hii ya mwanzo ni ya taifa. Umma ukibeba hatari ya visima vya kwanza, umma ndio wenye haki ya faida ya visima vya baadaye. Tusikubali kubeba hasara kama taifa na kugawa faida kama kampuni.

Tena mvuke haufanyi umeme tu. Kule Eburru, Kenya, mvuke wa ardhini ulitumiwa kukaushia pareto tangu zama za wakoloni, na Naivasha hupasha joto nyumba za maua. Rungwe ni nchi ya chai, na jani la chai haliwi chai mpaka likaushwe. Viwanda vya chai hula kuni bila kushiba. Joto la maji ya moto likikausha jani, misitu itapumua. Hayo yawekwe katika mipango tangu mwanzo, si baada ya mtambo kusimama.

Lakini pia tuseme la tahadhari. Mwaka 2014, kwa ajili ya Olkaria ya nne, wafugaji wa Kimasai wa vijiji vinne walihamishwa, na malalamiko yao yalifika mpaka kwa mabenki ya nje yaliyokopesha mradi. Nchi ya Rungwe imejaa watu, na kila pande la ardhi lina migomba, chai au viazi. Ngozi ina msitu wa hifadhi na ni chanzo cha maji. Wananchi waitwe mapema, waelezwe kwa lugha wanayoielewa, na fidia ilipwe kabla ya jembe la tingatinga kugusa shamba. Mradi wa umma usiowasikiliza watu umepoteza jina lake.

KUTUMIA KWA AKILI

Liko bwawa jingine ambalo halihitaji saruji: ni umeme tusioupoteza. Hesabu yake ni nyepesi. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga ule ule, hula uniti 1 na theluthi hivi. Nyumba yenye taa 4 za zamani hula uniti 36. Yenye taa 4 za LED hula uniti 5 na nusu hivi tu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, na akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Basi taa nne tu zaweza kumtoa mnyonge katika bei nafuu na kumtupa katika bei ya juu. Akiba hiyo inatosha kumnunulia mtoto madaftari.

Wako watakaouliza: shirika linaloishi kwa kuuza umeme litapata faida gani wateja wakitumia kidogo? Swali ni zuri. Jibu liko katika saa za jioni. Toka magharibi hadi saa tatu usiku nchi nzima huwasha taa, runinga na pasi kwa mara moja. Mitambo ya ziada huwekwa kwa ajili ya saa hizo chache, na mitambo hiyo ndiyo ghali kuliko yote. Mwaka 2007 Ghana, ikiwa katika shida ya umeme, iligawa bure taa milioni 6 za matumizi madogo badala ya taa za zamani, ikapunguza mzigo wa jioni kwa zaidi ya megawati 100. Walijenga mtambo mzima kwa kubadili taa. Sera yetu ya nishati ya mwaka 2015 inataja matumizi bora ya nishati. Twataka yaliyotajwa yaonekane katika ofisi za serikali, katika shule, katika pampu za maji na katika taa za barabarani, kwa maana mwenye kuhubiri hana budi kuanza nyumbani kwake.

Na jikoni? Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Agizo hilo lagusa kila hospitali na kila shule ya bweni ya Rungwe. Ni agizo la haki: moshi unaua mapafu ya wapishi, ambao wengi ni akina mama, na shoka linamaliza vyanzo vya maji ambavyo mabwawa yetu yanavitegemea. Lakini shule haipiki kwa waraka. Yapaswa kupewa mkopo wa majiko, gesi ifike kwa bei ya kueleweka, na umeme usikatike maharage yakiwa nusu. Jiko la presha la umeme hupika chungu cha maharage bila kumaliza uniti nzima. Watu wachache wanalijua hilo, na wachache zaidi wanaweza kulinunua kwa mara moja.

WAJIBU WA KILA MTU

Serikali imetangaza kwamba waya zimefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kwamba mwanakijiji aunganishwe kwa shilingi 27,000. Ni hatua ambayo wazee wetu hawakuiota. Lakini nguzo iliyopo kijijini si taa iliyopo nyumbani, na taa iliyopo nyumbani si taa inayowaka kila usiku. Kazi iliyobaki ni kubwa, nayo yagawanyika hivi.

Serikali isiache kisima cha jotoardhi kuwa wimbo wa kila bajeti. Itaje fungu, itaje mwaka, na itoe taarifa kisima kikifaulu na kisipofaulu, kwa maana kisima kikavu si aibu, aibu ni kuficha. TANESCO ipunguze hasara za njiani na itangaze hesabu yake mkoa kwa mkoa, ili watu wa Mbeya wajue wanapoteza kiasi gani na kwa nini. Wafanyakazi wa shirika walinde mita na transfoma kama walinzi wa ghala la chakula, nao wapewe vifaa na usalama wanaostahili. Viongozi wa ushirika wa chai watazame mito yao na sheria zilizopo, waulize bei, waombe wataalamu, wasingoje kampuni ya mbali ije kuwaambia kwamba wana mto.

Na wewe mwanachama, na wewe mfanyakazi, uliza. Uliza katika mkutano wa kijiji, uliza mbunge anapokuja, uliza mvuke wa Ngozi umefikia wapi. Badili taa yako, funga unachoacha wazi, mtaje anayeiba waya hata kama ni ndugu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto wa Rungwe umengoja chini ya ardhi miaka mingi mno. Utaweza kungoja tena mingi, kwa maana mlima hauna haraka. Mama anayejifungua usiku ndiye asiyeweza kungoja.